Mapipa mangapi? Kampuni za mafuta na vita ya jina baada ya maafa

Mkulima wa viazi wa Makete au Isyonje hahitaji kufundishwa kwamba anayeshika kipimo ndiye anayepanga bei. Ameona gunia likiongezewa kichwa na kusukiwa kamba mpaka likawa gunia na nusu, akalipwa la gunia moja, na lumbesa hiyo ikapita barabarani mchana kweupe ingawa sheria ya vipimo inaikataza. Naanzia hapo kwa sababu habari ya kampuni za mafuta na majina yao, ukiivua lugha ya wataalamu wa mawasiliano, ni habari ya kipimo. Mafuta yakimwagika, kabla ya matangazo ya televisheni na kabla ya mkurugenzi kuomba radhi, kampuni huwa imeshaanza kupigania swali moja: ni mapipa mangapi?

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, nje ya pwani ya Louisiana, Marekani. Watu 11 walikufa. Mtambo ulikuwa wa Transocean, lakini kisima chenyewe, Macondo, kilikuwa cha BP ya Uingereza, na kilimwaga mafuta baharini kwa siku 87. Siku za mwanzo umma uliambiwa kwamba yanavuja mapipa 1,000 kwa siku. Haukupita muda namba ikawa 5,000, maofisa wa serikali wakaitangaza, BP ikaing'ang'ania, na ikakaa hapo wiki kadhaa. Wanasayansi wa serikali walipokamilisha hesabu zao, walisema kisima kilianza kwa kutoa takribani mapipa 62,000 kwa siku na kilikuwa kimepungua hadi 53,000 kilipozibwa.

Chukua kalamu. Sheria ya maji ya Marekani hutoza faini kwa pipa. Wakati ule ilikuwa hadi dola 1,100 kwa kila pipa, na hadi dola 4,300 mahakama ikiona kulikuwa na uzembe mkubwa. Mapipa 5,000 mara siku 87 ni 435,000; kwa dola 1,100 unapata faini isiyofika dola milioni 480. Sasa chukua namba ya mahakama. Mwaka 2014 jaji aliamua kwamba uzembe wa BP ulikuwa mkubwa, na mwaka 2015 akaamua kwamba yaliyoingia baharini yalikuwa mapipa milioni 3.19. Serikali ilikuwa imedai zaidi, BP imedai pungufu. Kwa dola 4,300, kikomo cha faini kinaruka hadi dola bilioni 13.7. Pande zote zikamalizana kwa makubaliano ya dola bilioni 20.8 kwa madai ya serikali kuu na majimbo, na ndani yake faini ya maji ilikuwa bilioni 5.5. Kwa hiyo aliyesikia "mapipa 5,000" redioni akadhani anapewa habari tu, alikuwa anasikia pia hoja ya kwanza ya kesi ambayo haijafunguliwa.

Hili si la kubuni. Mwaka 2012 BP ilikiri makosa ya jinai kadhaa, na mojawapo lilikuwa kulizuia Bunge la Marekani katika uchunguzi wake kwa kuficha na kupotosha makadirio ya mafuta yaliyokuwa yakitoka. Ikalipa pia dola milioni 525 kwa kuwapotosha wawekezaji kuhusu kiasi hichohicho.

Wengi wanaoikumbuka habari hii wanakumbuka mdomo wa mkurugenzi mkuu, Tony Hayward. Aliliambia gazeti kwamba mafuta yaliyomwagika ni kidogo mno ukilinganisha na ukubwa wa bahari. Mwishoni mwa Mei akawaambia waandishi kwamba hata yeye anataka maisha yake yarudi, ilhali familia 11 zilikuwa matangani. Juni akaonekana kwenye mashindano ya mashua huko Uingereza. Mwenyekiti wake wa bodi, Carl-Henric Svanberg, akatoka Ikulu ya Marekani akisema kampuni inawajali "watu wadogo". Madarasa ya uhusiano wa umma hufundisha matukio haya kama mfano wa mambo ya kuepuka. Mimi naona yametuzubaisha. Mdomo wa Hayward ulimgharimu kiti chake, na ukaiaibisha kampuni. Namba 5,000 ingeweza kuiokolea mabilioni, na ilitamkwa kwa upole, kwenye taarifa kwa umma ambayo hakuna aliyeikasirikia.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna bahari, na wengi wetu tunayajua mafuta yakiwa kwenye pampu ya sheli au kwenye chupa ya kando ya barabara. Lakini chini ya ardhi yetu limelala bomba la TAZAMA, lililojengwa mwaka 1968 wakati Zambia ilikuwa ikitafuta njia salama ya mafuta baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru na njia ya kusini kuingia mashaka. Lina urefu wa kilomita 1,710, kutoka Kigamboni, Dar es Salaam, hadi Ndola, Zambia, likipita Morogoro, Iringa na Mbeya. Kwa zaidi ya nusu karne lilisafirisha mafuta ghafi. Sasa linapitisha dizeli. Juu ya ardhi, malori ya mafuta yanapanda Kitonga usiku na mchana na kupanga foleni Tunduma. Mito yetu inakusanyika Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, na maji hayohayo yanakwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Sisemi bomba litapasuka kesho. Ila siku likipasuka, au lori likipinduka juu ya mfereji wa mpunga huko Mbarali, yatakayofuata yana mpangilio ambao umeshaonekana kwingine, na mahali pa kuujifunzia si Louisiana. Ni Bodo.

Fomu ya Bodo

Bodo ni mji wa wavuvi katika eneo la Ogoni, jimbo la Rivers, Nigeria. Mwaka 2008 bomba la Trans-Niger, lililokuwa likiendeshwa na kampuni tanzu ya Shell, lilivuja hapo mara mbili, na kila mara mafuta yalitoka kwa wiki nyingi kabla ya kuzibwa. Mikoko ikakauka. Watu walioishi kwa samaki na kaa wakawa wananunua samaki wa barafu kutoka mbali.

Nigeria ina utaratibu ambao kwenye karatasi unapendeza. Mafuta yakimwagika, kampuni, wakala wa serikali na wawakilishi wa wananchi wanafika pamoja kwenye tukio, wanajaza fomu moja yenye tarehe, sababu na kiasi, kisha wote wanasaini. Lakini nani ana boti? Nani anajua kusoma presha ya bomba na kuigeuza kuwa mapipa? Nani amekuja na fomu yenyewe? Mara nyingi jibu la maswali yote matatu ni kampuni. Mzee wa kijiji anasaini namba ambayo hana chombo cha kuipima, na tangu dakika hiyo namba hiyo ni yake pia.

Fomu ya mvujo wa kwanza wa Bodo iliandika mapipa 1,640, jumla. Hata tarehe ya kuanza ilikuwa na mgogoro: wananchi walisema mafuta yalianza kutoka mwishoni mwa Agosti, Shell ikasema mwanzoni mwa Oktoba. Shirika la Amnesty International na wenzao wa Nigeria walikuwa na picha za video zilizoonyesha mafuta yakiruka kutoka kwenye bomba. Wakazipeleka kwa Accufacts, kampuni ya Marekani ya wataalamu wa mabomba. Wataalamu wakatazama kimo na nguvu ya mruko ule, wakakadiria kwamba yalikuwa yanatoka kati ya mapipa 1,440 na 4,320. Kwa siku moja. Maana yake fomu rasmi ilikuwa imeandika mafuta ya kutwa kwa mvujo uliodumu wiki kadhaa, na kilichoiangusha ni video ya mtu aliyesimama matopeni.

Shauri lilipofika mahakamani London, Shell ilikubali kwamba kiasi cha mvujo wa kwanza na wa pili kilizidi kilichoandikwa. Januari 2015 ikakubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa wavuvi na wakulima wapatao 15,600, na milioni 20 kwa jamii kwa ujumla.

Linganisha na kilicholetwa mwanzo. Mwaka 2009 kampuni ilipeleka Bodo msaada wa magunia 50 ya mchele, magunia 50 ya maharage, sukari, nyanya na mafuta ya kupikia. Watu wa Bodo waliuona kama tusi na kwanza wakaukataa. Ukiutazama kwa jicho la mtu wa uhusiano wa umma, msaada ule una akili. Unapigwa picha. Unaugeuza mji wenye madai kuwa mji unaosaidiwa. Mdai ana haki na anayesaidiwa ana shukrani, na ni vigumu mtu kusimama na vyote viwili mbele ya kamera moja. Kwetu ingekuwa madawati, mabati ya zahanati, jezi za timu ya kata. Nisieleweke vibaya, dawati ni dawati na mtoto atalikalia. Swali la kuuliza ni la tarehe: je, lori la madawati limefika kabla ya majibu ya maabara ya kisima, au baada?

Kuhusu visima, Agosti 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake kuhusu Ogoni. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Benzini husababisha saratani. Ripoti ilisema kulisafisha eneo lile kutachukua miaka 25 hadi 30. Shell ilikuwa imeacha kuchimba mafuta Ogoni tangu 1993.

Nani alaumiwe

Fomu ina kisanduku kingine: sababu. Chini ya sheria ya mabomba ya Nigeria, mwenye bomba halipi fidia kama uharibifu umefanywa kwa makusudi na mtu mwingine. Kwa hiyo neno moja, "hujuma", linafuta deni. Shell imesema kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya umwagikaji Nigeria hutokana na wizi na hujuma, na si uongo mtupu. Wizi wa mafuta upo, tena mkubwa, na unaua wezi wenyewe. Shida ni kwamba anayetamka sababu ndiye atakayelipa ikiwa sababu ni nyingine, kutu kwa mfano. Hata TAZAMA imewahi kutobolewa na wezi, kila mtu anayeishi kando ya njia yake anajua. Basi siku kutu itakapolitoboa, maelezo ya wizi yatakuwa tayari yanasubiri.

Lawama hupenda kumwendea mtu mmoja mwenye uso. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh huko Alaska na kumwaga takribani lita milioni 40 za mafuta ghafi. Dunia ikapewa nahodha Joseph Hazelwood na chupa yake. Jopo la wananchi lililosikiliza kesi yake mahakamani likamwondolea shtaka la kuendesha meli akiwa amelewa, likamtia hatiani kwa kosa dogo la kumwaga mafuta kwa uzembe. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipotoa ripoti yake, ilitaja pombe, lakini ilitaja pia ofisa aliyechoka kwa kazi nyingi, kampuni iliyoshindwa kuweka wafanyakazi wa kutosha na waliopumzika, na walinzi wa pwani waliokuwa na mfumo dhaifu wa kufuatilia meli. Nahodha mlevi ni hadithi inayokaa kichwani. Ratiba ya zamu haikai, na ratiba ya zamu hupangwa ofisini.

Wakati mwingine mwenye kulaumiwa ni marehemu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka watu wakiwa wanachota. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Nikumbukavyo, mazungumzo ya wiki zile, kuanzia vijiwe vya Mwanjelwa mpaka kwenye simu zetu, yaliegemea kwa waliochota: tamaa, wizi, ujinga. Hali ya lori, dereva alikuwa ameendesha saa ngapi, ilichukua muda gani eneo kuzungushiwa utepe, hayo yalizungumzwa kwa sauti ya chini. Na hapakuhitajika ofisa uhusiano wa kutuelekeza huko. Tulikwenda wenyewe.

Bango jipya, na amri ya kunyamaza

Jina likichafuka sana, huachwa. Meli ya Exxon Valdez ilikarabatiwa, ikaitwa Exxon Mediterranean, baadaye SeaRiver Mediterranean, na ikabadilisha majina tena na tena mpaka ilipovunjwa vyuma vikuukuu nchini India mwaka 2012 ikiitwa Oriental Nicety. Kampuni ya meli ya Exxon nayo ikawa SeaRiver Maritime, jina ambalo halimkumbushi mtu chochote.

Hapa kwetu wenye umri wanakumbuka sheli za BP, kijani na njano. Hisa za BP Tanzania zilinunuliwa na Puma Energy mwaka 2011 hivi, nusu nyingine ikibaki ya serikali yetu, na mabango yakabadilika. Sidai kwamba bango lilibadilishwa kuficha kitu. Biashara huuzwa na kununuliwa. Ila ni vizuri kumjua mwenye nyumba. Mmiliki mkubwa wa Puma Energy ni Trafigura, kampuni ya biashara ya mafuta, na Trafigura ina habari yake ambayo inafundisha kuliko ya Hayward.

Agosti 2006 meli iitwayo Probo Koala, iliyokodiwa na Trafigura, ilishusha taka za kemikali bandarini Abidjan, Ivory Coast. Mkandarasi wa hapo akazimwaga usiku sehemu mbalimbali za jiji. Watu zaidi ya 100,000 walitafuta matibabu, na mamlaka za nchi zilihusisha taka hizo na vifo zaidi ya 10. Trafigura ilikana kwamba taka zile zingeweza kuua na ikasema kosa ni la mkandarasi. Mwaka 2007 iliilipa serikali takribani dola milioni 198, na mwaka 2009 pauni milioni 30 kwa walalamikaji wapatao 30,000, mara zote mbili bila kukiri hatia.

Kinachonivutia ni kilichotokea London mwaka huohuo wa 2009. Kulikuwa na ripoti ya kitaalamu iliyoandaliwa kwa ajili ya Trafigura yenyewe kuhusu madhara yanayoweza kutokana na taka za aina ile. Ripoti ikalifikia gazeti la The Guardian. Kampuni ikapata amri ya mahakama ya kulizuia gazeti lisiichapishe, na lisiseme hata kwamba amri hiyo ipo. Mbunge Paul Farrelly akauliza swali bungeni kuhusu suala hilo. Gazeti likaambiwa haliruhusiwi kuliripoti swali. Likafanya jambo moja lililobaki: likachapisha kwamba limezuiwa kuripoti swali la Bunge ambalo haliwezi kulitaja, lililoulizwa na mbunge ambaye haliwezi kumtaja. Watu wa Twitter wakaenda kwenye orodha ya maswali ya Bunge, wakalipata, na kufikia mchana wa siku iliyofuata, 13 Oktoba, jina la Trafigura lilikuwa kila mahali. Kampuni ikalegeza kamba. Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa mitandao, na kweli ulikuwa ushindi. Mimi hujiuliza kuhusu amri zilizofanya kazi yake vizuri, ambazo kwa maumbile yake hatuwezi kuzisikia.

Kununua macho, kununua wataalamu

Matangazo ndiyo sehemu tunayoiona, kwa hiyo nitaipita haraka. Kati ya Aprili na mwisho wa Julai 2010 BP ilitumia zaidi ya dola milioni 93 kwa matangazo. Ililipia pia Google na Yahoo ili mtu akitafuta habari za mafuta kumwagika akutane kwanza na ukurasa wa BP. Na ilimwaga kwenye Ghuba, pamoja na serikali, takribani lita milioni 7 za dawa ya kutawanya mafuta. Dawa hiyo ina kazi yake ya kweli, kuzuia utando mzito usifike pwani. Lakini mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji hayatoki vizuri kwenye picha ya helikopta, na hilo nalo lina faida kwa mtu fulani.

Kazi tulivu zaidi hufanywa vyuoni. Katikati ya mwaka 2010 ilifahamika kwamba mawakili wa BP walikuwa wakiwapa wanasayansi wa vyuo vya Ghuba mikataba yenye sharti la kutochapisha matokeo yao kwa miaka mitatu. Chuo kimoja cha Alabama walitaka kukichukulia idara nzima ya sayansi ya bahari. Mtaalamu aliyekodiwa na kampuni hasemi uongo. Anakuwa tu hayupo upande wa pili wa meza. Exxon nayo ilifadhili tafiti zilizosema majopo ya wananchi mahakamani hayafai kuachiwa kupanga adhabu za pesa, wakati yenyewe ilikuwa inapinga adhabu ya dola bilioni 5 iliyopewa na jopo kama hilo mwaka 1994. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliipunguza adhabu hadi dola milioni 507.5 mwaka 2008. Katika tanbihi ya hukumu, Jaji David Souter alizitaja tafiti zile na kueleza kwamba mahakama haitazitegemea, kwa kuwa Exxon ilizifadhili kwa sehemu. Tanbihi fupi, lakini ni nadra kuona mlango huo ukifunguliwa hadharani.

Haki ni haki: BP hiyohiyo ilitoa dola milioni 500 kwa utafiti wa miaka kumi kuhusu Ghuba, ukasimamiwa na bodi huru, na sayansi iliyotoka humo ni nzuri. Na mfuko wake wa fidia wa dola bilioni 20 uliwalipa watu wengi haraka kuliko mahakama ingeweza. Waliotaka kumaliza mambo upesi walipewa kiwango cha haraka, dola 5,000 kwa mtu na 25,000 kwa biashara, bila kudaiwa vielelezo vingi. Masharti: unasaini kwamba hutashtaki tena. Wengi walisaini. Sioni cha kuwacheka. Mlete mwenye fomu kama hiyo Igurusi mwezi Januari, ada za shule zimefika na mbolea haijanunuliwa, uone foleni.

Upande wetu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inaweka kanuni kwamba mchafuzi hulipa. NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zina ofisi za kanda Mbeya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Kwa upande wa namba, historia yetu ina doa: mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kutangaza takwimu zinazozipinga za serikali kuwa kosa, na mwaka 2019 ikalegezwa. Kwa mwaka ule mmoja, mtu wa Bodo mwenye video na hesabu yake angekuwa na la kuogopa kuliko mwenye bomba.

Tena TAZAMA si Shell. Ni mali ya serikali mbili, theluthi mbili Zambia na theluthi moja Tanzania. Mkaguzi na mkaguliwa wana mzazi mmoja. Hilo linaweza kusaidia, kwa maana hakuna wanahisa wa London wa kuwafurahisha, na linaweza kuumiza, kwa maana aibu ya kampuni inakuwa aibu ya nchi, na mwenye kuuliza maswali huonekana hana uzalendo. Waandishi wetu wa mikoani nao hufika kwenye tukio kwa gari la mwenye tukio, wakirudi na nauli ya mwenye tukio. Siwasemi vibaya, najua wanavyolipwa. Lakini habari iliyopanda gari la kampuni hushukia pale gari linaposimama.

Kwa hiyo mtendaji wa kijiji ana kazi ambayo haimo kwenye barua yake ya ajira. Mafuta yakionekana, aandike saa na siku yalipoonekana mara ya kwanza na majina ya walioyaona, kisha saa valvu ilipofungwa, kwa sababu mapipa ni kasi mara muda na muda ndio upande anaoweza kuupima bila mhandisi. Simu ichukue video ya mafuta yanapotokea, si ya watu wanaolia, na pembeni yake asimame mtu au fimbo ili kimo kionekane. Maji yachotwe kwenye chupa za kioo zenye vifuniko, zijae pomoni, maana plastiki hunyonya mafuta na hewa ikibaki juu benzini hukimbilia humo. Chupa zikae mahali pa baridi na giza mpaka maabara. Chupa moja ichotwe juu ya mvujo, mahali mafuta hayakufika, kwa kuwa hoja itakayokuja ni kwamba maji yalikuwa machafu tangu zamani. Na fomu ikiletwa, kwenye kisanduku cha sababu iandikwe "haijajulikana" hadi kipande cha bomba kikatwe na kukaguliwa, kwenye kisanduku cha kiasi iandikwe "makadirio ya kampuni", na anayesaini kwa niaba ya kijiji asisaini kabla hajapewa nakala yake mkononi.